Kamba Iliyokatwa Kabla ya Kuvutwa

Ilianza Jumatatu, tarehe nne Mfungo Saba, mwezi wa saba tangu Ramadhani, saa nne ya asubuhi, mwaka mmoja kabla ya vita vya Wajerumani. Saa naijua kwa sababu niliiandika. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, na kusema mbele za watu kulinishinda kabisa. Mgeni akipiga hodi, mimi ndiye wa kwanza kutafuta pa kujificha. Yale niliyoshindwa kuyasema niliyaandika katika daftari, kwa herufi za Kiarabu nilizofunzwa chuo cha Kurani, na daftari hilo ninalo hadi leo, mchwa wamelila pembeni tu. Nyinyi wajukuu zangu mnasoma skuli kubwa, mna kalamu za wino na redio, lakini haya hii ya kusema mbele za watu mnayo baadhi yenu, nawaona mnavyoinamisha vichwa mkiulizwa jambo. Mimi yangu iliniponza. Sikilizeni.

Kazi yangu ilikuwa kamba. Miaka hamsini na kitu nimepota kamba za makumbi ya nazi hapa Matondoni, mpaka vidole vilipogoma. Kamba zangu zimefunga vyombo vya baharini, zimefunga ng'ombe, vitanda, ndoo za visima, na siku moja mwizi wa kuku. Lakini watu wa rika langu hawanijui kwa hayo. Wananijua kwa Jumamosi moja.

Basi saa nne hiyo nilikuwa uani kwa Bi Mize, dada wa bibi yangu, aliyenifunza kazi. Hodi ikapigwa. Nikaingia nyuma ya rundo la makumbi.

"Karibu, Bwana Famau," Bi Mize akasema bila kuinua kichwa. "Kama umekuja kukopa kamba, salamu zako zimefika, rudi."

"Yeo sikuya kukopa, Bi Mize. Nimekuya kukuaibisha au kukutukuza, moya katika mawili."

Bwana Famau alikuwa mtu wa kisiwa cha Ndau, mkubwa wa wakata boriti. Wale ndio waliokuwa wakiingia mikokoni, wakikata miti, wakiivuta topeni hadi kwenye mashua. Mabega yake yalikuwa yakigusa miimo ya mlango huku na huku. Akaeleza kwamba manowari ya Waingereza imetia nanga mbele ya mji wa Amu, na mkubwa wake ameona mabaharia Waarabu wa Suri na mabaharia Wahindi wa Kachi wanavyopigana kila asubuhi kugombea nafasi ufukweni. Amesema afadhali washindane kwa mchezo. Watu wanane wanane: Wasuri, Wakachi, Waingereza wake, na wenyeji. Watavutana kamba Jumamosi baada ya Alasiri, maji yakipwa.

"Mkalimani wao asema huko Ulaya mataifa hukutana kila baada ya miaka kadha," Bwana Famau akasema, "wakimbie, waruke, waogelee, na kamba wavute. Wafalme wako kitini watazama."

"Wafalme watazama watu wakivuta kamba?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi hawana kazi," Bi Mize akasema. "Haya. Na mimi mwanitakia nini?"

Hapo ndipo kisa kilipo. Mkubwa wa manowari alitaka itumike kamba ya chombo chake, kamba ya Manila, nyeupe, laini kama nywele za singa. Wazee wa mji wakakataa. Mgeni hatandiki mkeka wake mwenyewe kwenye nyumba ya mtu. Mzungu akakubali kwa sharti moja: kamba ya wenyeji ikikatika, wenyeji wameshindwa, na mchezo uendelee kwa kamba ya Manila. Na Bwana Abubakari, tajiri aliyekuwa akinunua kamba zote za Matondoni kwa ajili ya vyombo vyake, akasimama mbele ya watu akasema kwamba kamba ya kumbi ikikatika siku hiyo, yeye kuanzia msimu ujao ataleta Manila kutoka Mombasa.

Bi Mize akaacha kupota. Tulikuwa wanawake kumi na wanne tuliokula kwa kamba zile. Wengi wajane. Mimi na mama yangu tulikuwa wawili katika hao.

"Siku tano," Bi Mize akasema. "Urefu pima kumi na mbili, nene kama kifundo cha mkono wako. Nenda zako, Bwana Famau, kale ushibe. Kamba itakuya."

Ngojeni sasa niwaeleze kumbi, maana nyinyi mwaliona jalalani tu. Kumbi la nazi hulifukia kwenye tope la pwani, pale maji ya bahari yanapoingia na kutoka. Unaliacha humo miezi tisa, kumi. Bahari inakula nyama ya kumbi, inakuachia nyuzi, nazo twaziita usumba. Likiiva unalifukua, unaliweka juu ya jiwe, unaliponda kwa rungu la mkoko, unaosha, unaanika, unapota. Kumbi lililoiva linanuka kama yai viza, na lipigwapo mara tatu lafunguka lenyewe. Kumbi changa halinuki sana, nalo lakupigisha mpaka bega litoke. Kila mwanamke alikuwa na mashimo yake na kijiti chake cha alama, kwa sababu tope likitulia mashimo yote yafanana. Bi Mize alikuwa na mawili yaliyokaribiana, kijiti kikiwa kwenye lile kongwe: moja la miezi kumi, moja la miezi mitatu.

Jumanne nilitumwa nikafukue lile kongwe. Nilikwenda na punda wa Bi Mize, jina lake Sultani, na nikafanya kosa ambalo mtu wa bara hawezi kulifanya hata akitaka: nikamfunga punda kwenye kijiti cha alama. Punda jike akapita kule juu. Sultani hakuomba ruhusa. Nilipogeuka, kijiti kilikuwa kinakokotwa mchangani, punda mbele, mimi nyuma. Niliporudi nacho maji yalikuwa yameanza kujaa, tope limetulia, na sikuweza kujua tena shimo lipi ni lipi. Wanawake watatu walikuwa pale pale karibu. Neno moja tu, "nionesheni", lingetosha. Sikulisema. Nikakichomeka kijiti kwa kukisia, nikafukua.

Mengine yaliyotoka yalikuwa sawa, nadhani nilipata ukingo wa shimo kongwe. Mengine yalikuwa magumu, hayanuki. Pua iliniambia. Mkono uliniambia. Niliyaponda kwa nguvu zaidi, nikasema moyoni yatalainika. Katika daftari niliandika: "Bega lauma. Sikumwambia mtu." Basi.

Siku nne uani kwa Bi Mize hapakulala kazi. Wanawake wote kumi na wanne walipota, kila mmoja na sehemu yake kwa usumba wake, Bi Mize akiunganisha nyuzi tatu kuwa kamba. Jumamosi asubuhi tulimpakia Sultani kamba ile, ikamfunika mpaka masikio, tukaenda mjini kwa miguu.

Mji ulikuwa umejaa kama siku ya Idi. Mabibi wa mjini walikuwa madarini, huwaoni, wasikia bangili tu. Wasuri wamekaa upande mmoja na majambia viunoni, Wakachi upande wa pili na vilemba vyekundu, na katikati watoto wakiuza visheti. Sisi wanawake wa kamba, leso zetu zina tope bado, tukashuka majini kuirowesha kamba. Kamba ya kumbi hupenda maji ya chumvi, ikinywa, inabana.

Ndipo nikaona. Pima nane za mwanzo, yaani mikono ya mtu ikinyooshwa mara nane, maji yalikuwa safi. Kisha pakawa na sehemu, kama dhiraa sita hivi, yatoka rangi ya chai. Chai ya rangi kabisa, inaenea majini. Bahari ilikuwa haijamaliza kazi yake ndani ya nyuzi zile. Na zilikuwa nyuzi zangu.

Nikatazama huku na huku. Hakuna aliyeona. Bi Mize macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Nawaambieni kweli yangu: jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba ikikatika hawatajua ni sehemu ya nani. La pili, nikamwona mama yangu ameketi juu ya jiwe, anacheka na wenzake, anajikuna viganja vilivyopasuka kwa kupota siku nne. Miguu ikanipeleka kwa Bi Mize yenyewe.

"Nana," nikasema, "kamba ina kumbi changa. Ni mimi. Nilimfunga Sultani kwenye kijiti."

Bi Mize akanigeukia.

"Punda?"

"Punda."

"Yaani Wazungu, Waarabu na Wahindi wote hawa wametoka kwao, wamekuya kuvuta kamba ya punda." Akakamata ile sehemu, akaikunjua nyuzi, akainusa, akatema mate. "Itakatika. Kamwambie Bwana Famau."

"Mimi?"

"Nimemfunga punda mimi?"

Bwana Famau alikuwa amesimama na watu wake saba, wamejipaka mafuta ya nyonyo miguuni. Nilisema nikiitazama miguu ile. Nilisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka. Mmoja wao akaapa. Bwana Famau akamnyamazisha kwa mkono.

"Yaweza kutengenezwa?"

"Twaikata sehemu mbovu, twaunga ncha kwa ncha. Pima kumi na kidogo zabaki. Zatosha."

"Fundo kati ya kamba, si kila mtu ataliona?"

"Si fundo," nikasema, na hapo, sijui kwa nini, nikainua uso. "Twafumua ncha zote mbili, uzi wa huku waingia chini ya uzi wa kule, mara nne nne. Ikivutwa yazidi kukaza."

"Nani ataunga?"

Bi Mize alikuwa amefika nyuma yangu. "Huyu. Mimi mato yangu yaona mashua, hayaoni uzi."

Nikaketi mchangani na kisu. Nilipokata tu, ukelele ukapigwa ufukwe mzima. Bwana Abubakari akaja mbio, kanzu ameishika mkononi. "Mwakata nini? Imekwisha kufa kabla ya kuvutwa?" Mkalimani wa manowari akaja. Wasuri wakaja. Duara la wanaume likanizunguka, mimi katikati.

Bi Mize akapiga makofi mara tatu, makavu.

"Mwashangaa nini? Ni ada yetu. Kamba ya mashindano haivutwi ila imekatwa ikaungwa na mwanamwali. Wazee wetu wamefanya, na wazee wao. Bwana Abubakari, wewe mtu wa mjini hujui?"

Hakukuwa na ada kama hiyo duniani. Bwana Abubakari akatazama wazee wenzake, na mzee mmoja wa mji, Mungu amrehemu, akaitikia kwa kichwa polepole akasema, "Eee. Nalisikia." Basi ikawa ada. Mkalimani akamfasiria mkubwa wake, Mzungu akatoa kijitabu akaandika.

Niliunga kwa muda wa kutoka Adhuhuri hadi adhana ya Alasiri. Jasho liliniingia machoni, mama akanifuta kwa leso. Nilipomaliza nikaipiga kwa rungu, nikaiviringisha chini ya unyayo, na huwezi kuona ilipoungwa ila kama watafuta kwa vidole. Nimeunga kamba maelfu tangu siku ile. Hakuna niliyoiunga vizuri vile.

Wasuri na Waingereza walivutana kwanza. Wasuri walikuwa na wimbo mzuri, lakini walivuta kwa hasira, kwa mishtuko, na Waingereza waliegemea tu kama ukuta, wakawachosha. Kisha wenyeji na Wakachi. Wakachi walikuwa wepesi, lakini walishindwa, wakacheka walipoanguka, wakawasaidia watu wetu kuinuka. Kamba ikashika mara zote mbili. Mimi nilikuwa nimejifunika uso kwa leso nikichungulia kwa jicho moja.

Zikabaki pande mbili, wenyeji na Waingereza. Sharti: atakayeshinda mara mbili katika tatu.

Mara ya kwanza watu wetu walipewa upande wa juu, mchanga mkavu. Walikokotwa kama mkoba. Bwana Abubakari akafumba macho. Lakini kamba ilishika, nami nikashusha leso kidogo.

Mara ya pili wakabadilishana pande, na upande wa chini ulikuwa tope, kwa maana maji yalikuwa yamepwa kabisa. Enyi watoto, mkata boriti kwenye tope yuko kwake. Hapigani nalo. Anauzungusha unyayo, anaingia mpaka kwenye kifundo, kisha anatulia kama aliyepandwa. Bwana Famau akaita, "Haya, ng'oa!" wakaitikia, "Ng'oa mti!" wakavuta kwa pamoja, polepole, kama wanavyovuta gogo. Waingereza wakashuka hatua kwa hatua, hawaamini.

Tukawa sare, moja kwa moja. Kwa mara ya tatu ikarushwa sarafu. Waingereza wakapata kuchagua, wakachagua mchanga mkavu. Si ajabu, nani atachagua tope? Bwana Famau akawashukuru kwa adabu sana.

Ilikuwa ndefu. Kamba ilisimama katikati, haiendi huku wala huku, ikilia, na maji yakichuruzika kutoka pale nilipounga. Nilikuwa natazama pale tu. Nyuzi zikawa zinajikaza, zinajikaza. Ghafla nikasikia Wasuri wanaitikia, "Ng'oa mti!" bila kujua maana yake. Wakachi wakaingia. Watu waliotoana damu asubuhi ile ile kwa ajili ya nafasi ya mashua wameshikana mabega wanapiga kelele kwa lugha yetu. Madarini bangili zikawa zinagongwa kutani. Na sauti moja nyembamba ilikuwa inapita juu ya zote, "Egemea, Bwana Famau! Egemea!" nikageuka kumtafuta mwanamke asiye na haya anayemwita mwanamume kwa jina mbele ya mji mzima. Mama yangu alikuwa ananitazama mdomo wazi. Ilikuwa sauti yangu.

Mwingereza wa mbele aliteleza kwanza. Wa pili akamwangukia. Wanane wote wakaja topeni juu ya matumbo yao, na mji wa Amu ukapasuka kwa vigelegele. Bwana Famau alimwinua Mwingereza wa mbele akampaka tope kifuani, yule naye akampaka, wakakumbatiana. Mkubwa wa manowari alikuja akaikagua kamba kwa vidole, pima kwa pima, akatafuta pale ilipoungwa, akapita juu yake bila kujua. Akaomba auziwe. Bwana Abubakari akajibu kabla yetu: "Kamba hii haiuzwi. Nitachukua za msimu mzima, za kumbi, na nyingine kama zipo." Mama akalia.

Mwaka juzi mlikusanyika kwenye redio yangu kumsikiliza kijana wetu wa bara anakimbia huko ng'ambo kwenye Olimpiki, mkaruka mkavunja kikombe changu cha bluu, na wewe Athumani ukalia machozi kwa mtu usiyemjua. Wazee walikucheka. Mimi sikucheka. Niliwahi kuwaona Wasuri wakipiga kelele za topeni. Nilimuuliza mwalimu wenu kama huko nako wavuta kamba, akasema miaka ile yetu walikuwa wakivuta, kisha wakauondoa mchezo huo. Wamekosa.

Na ile ada? Kila mwaka, meli na majahazi yalipokuja, kamba ilivutwa, na kila mara ilikatwa kwanza ikaungwa na mwanamwali. Hata ilipokuja nailoni walikata. Nimesikia watu wakieleza maana yake, eti ni ishara ya mataifa kuungana. Maneno mazuri sana. Sikuwakatiza.

Lakini wenzangu wa kamba sikuwaacha hivyo. Asubuhi ya pili baada ya mashindano yale tulishuka pwani ya Matondoni mapema, maji yamepwa, wote kumi na wanne. Wanawake walikuwa na pembe zao, wanapiga vugo, ngoma yetu ya wanawake, wanaiimba kamba, wananiimba mimi, na Bi Zainabu, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, anaapa kwamba bibi yake aliunga kamba ya mashindano kwa mikono yake. Nikasimama juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Pembe zikanyamaza moja moja.

"Nilifukua shimo changa," nikasema. "Nilijua, nikanyamaza. Tungelala na njaa sote kwa ajili yangu."

Kisha Bi Mize akakohoa. "Mimi nilipota kamba ya kitanda cha harusi kwa kumbi la miezi minne. Kilianguka siku ya fungate. Bwana harusi mpaka kufa kwake alidhani ni yeye."

Wakacheka mpaka wengine wakaketi topeni. Mmoja akataja kamba ya kisima. Mwingine kamba ya ng'ombe wa kadhi. Kila mtu alikuwa na yake. Bi Zainabu peke yake akashikilia, "Bibi yangu aliunga!"

Nikateremka, nikajaza ndoo maji ya bahari. Nikatia konzi la usumba ulioiva upande mmoja, konzi la usumba mchanga upande wa pili, nikawaita. Wanawake waliokuwa na miaka arubaini kazini waliinama juu ya ndoo, nami nikawaonesha kwa kidole rangi ya chai inavyotoka upande mmoja tu, nikawaeleza kwamba kila usumba upimwe hivi kabla haujapotwa.

"Rudia," Bi Mize akasema, uso karibu uguse maji. "Sikuona vyema."

Nikamwaga maji, nikateka mengine, nikarudia, kwa sauti.